Mbio za Bwana Narendra

Jumapili, 1 Septemba 1996

Siku imeanza vibaya, imeisha vizuri. Naandika nikiwa nimeegemea ukuta wa nyumba yangu mpya, ule ulioishia kwenye madirisha.

Asubuhi mke wangu, Justa, alitangaza kwamba anahamia Geita. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kusema chumvi imekwisha. Kaka yake, Cornel, anachimba dhahabu huko, na amemtafutia kibanda cha kupikia wachimbaji. Nikamwambia, Mama Juliana, usiwe na haraka, mambo yanakuja. Akajibu kwamba mambo hayo anayasikia tangu Juliana ananyonya, na sasa Juliana kaolewa, yuko Nyahanga kule Kahama na ana wake wa kunyonyesha. Kisha akaniambia nimtajie kitu kimoja nilichowahi kukianza nikakimaliza. Kimoja! Nikasema nitamjibu tukitoka kanisani.

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa natafuta. Nyumba? Haina paa. Tanuri la matofali? Moto ulizimika katikati. Kisima? Nilikuta mwamba, nikakaa kupumzika, na hiyo ilikuwa mwaka juzi. Udereva? Kwenda mbele najua, kurudi nyuma bado. Watu walipiga magoti, nikapiga nao, wakainuka, mimi nikabaki chini nikitafuta. Jirani yetu Zipora alidhani nimeokoka. Akalia kwa furaha.

Na hapo ndipo likasomwa tangazo! Bwana Narendra wa dukani ameandaa mbio, Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, za kujifurahisha tu. Kila mtu anakaribishwa. Nikashtuka pale nilipo. Hiki ni kitu chenye mwisho unaojulikana, na nusu yake wameshaiondoa wenyewe.

Nikamwambia Justa nitazimaliza mbio hizo. Akasema sawa, atangoja mpaka siku hiyo. Nikifika mwisho, atafungua mizigo yake na hatataja Geita tena. Nisipofika, nisijisumbue kumsindikiza.

Nina furaha! Jioni hii nimekaa nikitazama mbuga ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, nikajiona ninawasili. Nimewasili mara nyingi sana kabla ya chakula.

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Nimeenda dukani kujiandikisha. Bwana Narendra ni mtu mnene, mpole, anauza sukari, mafuta na vitenge. Daktari amemwambia atembee. Kutembea peke yake anaona aibu, ndiyo maana ameamua kuialika Maganzo nzima. Mkewe, Dimple, alikuwa akiandika majina huku akicheka peke yake.

Nani nakuta amejiandikisha wa kwanza? Masele! Dalali mwenzangu wa almasi, meza yake inatazamana na yangu barabarani, na kila mchimbaji ninayempungia mkono yeye humwita kwa jina. Alikuwa amevaa raba nyeupe na suruali ya michezo yenye mistari. Akaniuliza kama nimekuja kujiandikisha nusu ya ile nusu. Watu wakacheka. Dimple pia. Sikujibu. Mtu anayewaza mambo makubwa hajibu.

Mzee Ndaki alikuwa dukani akinunua chumvi ya ng'ombe. Shamba lake lipo kando ya daraja dogo, nje kidogo ya mji. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza ni nani anayetufukuza. Narendra akamweleza kwamba hakuna anayetufukuza. Mzee akauliza basi ni ng'ombe gani aliyepotea. Akaelezwa kwamba hakuna aliyepotea. Akatutazama mmoja mmoja kwa huruma, akabeba chumvi yake, akasema atatuombea.

Jumatano, 4 Septemba 1996

Mazoezi ya kwanza. Nimejifunza jambo kubwa kuhusu mji wangu.

Nilitoka alfajiri nimevaa katambuga za tairi, maana raba sina. Hewa ilikuwa ya baridi kidogo, moshi wa mabua ya pamba umelala juu ya mashamba. Nikaanza kukimbia. Nikajihisi mwepesi. Nikaona kama miguu ni ya mtu mwingine, kijana, na mimi nimepanda tu.

Kufika kwenye daraja dogo nikasikia vishindo nyuma yangu. Nikageuka. Watu! Wengine wana sururu, wengine sepetu, mwanamke mmoja ana chekeche kichwani na mtoto mgongoni. Nilipoongeza mwendo, nao wakaongeza. Nikasimama kuuliza kuna nini. Wakanijibu kwamba mimi ndiye wa kusema. Mtu wa Maganzo hakimbii alfajiri bila sababu. Lazima kuna mahali jiwe la almasi limeonekana, na rashi, ule mkimbilio wa kuwahi kuchimba, imeanza, na mimi nataka niwahi peke yangu.

Nikaapa. Nikaapa tena kwa jina la mama yangu. Ndipo wakaamini kabisa kwamba kuna jiwe. Walichimba pale pale nilipokuwa nimesimama, kwenye shamba la Mzee Ndaki, mpaka jua likawa kali. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akanigombeza mbele ya watu.

Ajabu ni kwamba Mzee Ndaki mwenyewe hakukasirika. Aliyazunguka yale mashimo akiyapima kwa fimbo yake, akaonekana kusikitika tu kwamba ni mafupi.

Jumamosi, 7 Septemba 1996

Leo nimekimbia mbali. Sijui ni mbali kiasi gani, kwa sababu nilikuwa nawaza.

Nilikuwa nawaza siku yenyewe. Turubai la Narendra mbele ya duka. Justa amesimama kivulini, mikono kiunoni. Mimi natokea kwenye vumbi. Namuona anaitoa mikono kiunoni. Hapo ndipo ninapopapenda, anapoitoa mikono. Nimeirudia sehemu hiyo mpaka nikapita njia panda bila kuiona, nikapita katikati ya kundi la ng'ombe, nikasikia wachungaji wananiita ngosha, ngosha, unakwenda wapi, nikawapungia. Ng'ombe wao wana macho mazuri sana. Mbuga yote ilikuwa nyeupe na kimya, mawe makubwa yamekaa kwa mbali kama wazee kwenye kikao, na mimi sikuwa na mwili.

Nilipozinduka nilikuwa karibu na Mwadui, mbele ya mlinzi wa mgodi. Akaniuliza ninakokwenda. Nikasema ninajifurahisha. Akaniuliza kama nina ndugu. Alinipa maji, akanikalisha kwenye kiti chake, akanitafutia trekta la kunirudisha nyumbani.

Justa alinipa matobolwa ya viazi vitamu na maziwa. Niliona amelikunja blanketi letu la zambarau na kulifunga kwa kamba.

Jumanne, 10 Septemba 1996

Nimepata akili! Imekuja sokoni, bila kuitafuta.

Niliinama kufunga kamba ya katambuga. Basi. Niliponyanyua kichwa, watu wote waliokuwa karibu nami walikuwa wameinama pia, wanachambua vumbi kwa vidole. Muuza nyanya ameziacha nyanya zake. Sisi ndivyo tulivyo hapa. Tunatembea macho chini tangu utoto, na mwenzako akiinama unainama, utauliza baadaye.

Na akiinama kisha akapeleka mkono mdomoni, mambo yamekwisha! Ndivyo mchimbaji anavyoficha jiwe, shavuni. Mimi na Masele tumezeeka tukitazama mashavu ya watu.

Mpango ni huu. Njia ya mbio inatoka dukani, inavuka daraja dogo, inakwenda mpaka ghala la pamba upande wa Mwadui, inageuka na kurudi njia ile ile. Pale darajani nitakuwa mbele ya wote. Nitainama. Nitaokota kokoto, nitaitia mdomoni, nitaondoka mbio. Nao watabaki. Masele atabaki wa kwanza!

Justa aliomba nimalize tu, najua. Lakini kwa nini mtu amalize tu, wakati anaweza kuwa wa kwanza? Nimemwaza Masele akiwa na vumbi kwenye ile mistari ya suruali yake. Nimelala mchana nikitabasamu.

Ijumaa, 13 Septemba 1996

Kesho ndiyo siku. Naogopa kidogo.

Vyombo vyote vimefungwa. Tumekula kwenye sahani za Zipora, za kuazima. Baada ya kula Justa aliniambia nikae, akachota samli kwenye kibuyu, akaanza kunipaka miguuni, kisigino mpaka goti, taratibu, bila haraka. Hajanishika miguu tangu tulipooana. Akasema katambuga zitanichuna. Akasema nisishindane na mtu, niende kwa mwendo wangu, nikichoka nitembee, nikishindwa kutembea nitambae, yeye atangoja hata jua lizame. Akasema hapendi Geita. Hajawahi kuipenda. Anachotaka ni kuniona nimefika mahali.

Nilitaka kumwambia habari ya kokoto, nikaona nitaharibu. Nampenda sana mke wangu. Nikamwambia kesho atashangaa.

Jumamosi, 14 Septemba 1996

Naandika nikiwa nimekaa juu ya udongo, mwanga unakaribia kwisha. Nitaeleza kwa utaratibu.

Tulikuwa wengi. Dimple alitugawia fulana nyeupe. Justa alisimama chini ya turubai akiwa na begi lake miguuni, na alipoona namtazama akaitikia kwa kichwa. Narendra akapiga debe kwa mwiko, mbio zikaanza. Nikafyatuka! Nilikimbia kama mtu aliyeachwa na basi. Nikawapita wote. Nikampita Masele, nikamsikia anauliza huyu kala nini. Kifua kiliwaka moto lakini daraja lilikuwa karibu, na nikalifikia nikiwa wa kwanza.

Nikainama. Nikaokota kokoto. Nikatazama nyuma kama mwizi, nikaitia mdomoni, nikatimka.

Sikuhitaji kugeuka tena. Nilisikia vishindo vinapungua, halafu vinakoma, halafu sauti ya Masele ikisema hapa ni pangu, nilipaona mimi. Ee Mungu, raha iliyoje!

Kisha ikawa kimya, na nikabaki mimi na barabara. Siwezi kuisahau safari hiyo maisha yangu yote. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi mbele yangu taratibu, kama unafagia ili nipite. Wanawake mashambani waliacha kung'oa miti ya pamba wakanipigia vigelegele bila kujua ni vya nini. Kokoto niliimeza kwenye kilima, sikujali. Kwenye ghala la pamba mzee wa mizani alinipa maji na kunigonga begani. Nikageuka kurudi. Njiani nikakutana na Narendra anakuja, mwekundu, anatabasamu, Dimple pembeni yake kamshikia mwavuli. Nikamuuliza mbona hakusimama darajani na wenzake. Akasema yeye anauza sukari. Akanipongeza. Akasema naongoza kwa mbali sana, hakuna mwingine.

Nikaendelea. Miguu ilikuwa haiumi tena. Nilikuwa nimeshafika, kwa kweli, nilikuwa nimefika zamani, kilichobaki ni mwili kufuata. Nikaliona bati la duka linang'aa. Nikaliona turubai. Chini yake nikaona kitu chekundu, ni khanga ya Justa. Akaniona. Akaitoa mikono kiunoni! Ilikuwa kweli, kabisa kama nilivyowaza, akaanza kunipungia kwa mikono yote miwili.

Kati yangu na yeye lilikuwepo daraja tu.

Na darajani palikuwa na mji. Sikutegemea. Nilidhani watakuwa wamechoka wakaondoka. Walikuwa wameongezeka! Fulana nyeupe zote zilikuwa kwenye mashimo mpaka mapajani. Wamekuja na wengine, wa vijiji vya mbali, na baiskeli zao. Machekeche yanalia. Mama mmoja ameshainjika sufuria la uji na anauza. Nikajiambia pita, Bujiku, pita, jambo hili umelitunga mwenyewe asubuhi, kokoto yake iko tumboni mwako.

Nikapita. Nilikuwa nimepita kabisa!

Ila niligeuza shingo kidogo, kumcheka Masele. Naye alikuwa amekaa pembeni, kimya, hachimbi. Masele, kimya! Shavu lake la kushoto limevimba. Nikampigia kelele nikamuuliza amepata nini. Akatikisa kichwa, akaziba shavu kwa kiganja, akageukia upande mwingine.

Nilisimama. Nikafikiri vizuri, kwa makini, kama dalali mzoefu. Watu wote hawa hawawezi kukaa juani tangu asubuhi kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Uongo wangu ulikuwa uongo nilipousema, sawa. Lakini nani alinionyesha mimi pa kuinamia? Kwa nini pale, si kwingine? Inawezekana nilikuwa nasema kweli bila kujua.

Nikamwonyesha Justa kidole kimoja juu, kwamba namaanisha mara moja tu. Nikaingia shimoni.

Sijui muda ulikwendaje. Niliazima sepetu. Udongo wa pale ni mlaini, una rangi nzuri, unavutia kuuangalia. Narendra alipita juu yangu akirudi, taratibu, chini ya mwavuli, akaniambia Bwana Bujiku, mwisho uko kule. Nikamwambia nakuja. Baadaye nikasikia debe likipigwa na watu wachache wakipiga makofi. Amekuwa wa kwanza. Hata hakukimbia!

Turubai lilikunjwa. Nililiona likikunjwa. Justa alibaki amesimama pale pale bila kivuli, bado anatazama huku.

Halafu akaja mwenyewe. Alisimama ukingoni mwa shimo. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Akaweka chini sahani ya wali na dagaa iliyofunikwa kwa kitambaa, akasema Baba Juliana, ule. Ukimaliza, sahani ni ya Zipora, umrudishie mwenyewe, mimi sitakuwepo. Nilimwambia aangalie rangi ya udongo. Aliuangalia kweli. Kisha akaondoka.

Jumatatu, 16 Septemba 1996

Watu wengi wameondoka. Wamekata tamaa mapema. Nimebaki na nafasi kubwa ya kufanyia kazi.

Basi lilipita asubuhi, la kwenda Mwanza, ambako Justa ataunganisha kuvuka ziwa mpaka Geita. Nililisikia kabla sijaliona. Nikapanda nje ya shimo, nikasimama kando ya barabara na udongo mpaka masikioni. Basi lilipunguza mwendo darajani. Justa alikuwa dirishani. Tulitazamana. Nilitaka kukimbia pembeni ya basi, nikimbie naye mpaka Mwanza kama ni lazima, na nilianza, naapa nilianza, hatua kadhaa. Lakini sepetu ni ya kuazima na nilikuwa nimeiacha shimoni, na kuna mtu wa Kishapu alikuwa anaiangalia.

Nimelia kidogo nilipokuwa nachimba. Nyumba itakuwa kimya. Leo nimejikuta nazungumza naye kwa sauti, nikimweleza jinsi udongo unavyobadilika kadiri unavyoshuka.

Jumatano, 18 Septemba 1996

Habari njema tupu!

Masele amekuja kunitembelea shimoni. Ana kitambaa kimemzunguka kichwa kutoka kidevuni. Amesema hakupata kitu. Amesema lilikuwa jino, liliamka darajani, na jana limeng'olewa zahanati. Alifungua mdomo akanionyesha pengo. Alisema kwa unyonge kabisa, akaniomba nitoke, nioge, nimfuate mke wangu Geita. Machozi yalimlengalenga. Yule mtu amenificha mambo kwa miaka mingi, lakini hajawahi kufika mahali pa kung'oa jino lake zima ili nisijue. Sasa nina hakika. Jiwe lililomfanya afanye hivyo si dogo.

Na Mzee Ndaki anaamini pamoja nami! Anakuja kila siku na maziwa. Anapima kina kwa fimbo, ananisifu, anasema nishuke tu, nishuke, na nikipata nafasi nipanue upande huu ili ukingo uwe wa mteremko. Nimemuuliza mteremko wa nini. Amesema ng'ombe hawapendi kuruka. Sikumwelewa, mzee anachanganya mambo, ila moyo wake ni mwema. Anatumaini mvua zitawahi mwaka huu.

Nimeamua. Nitakwenda Geita, tena kwa miguu, mbio, kutoka Maganzo mpaka mlangoni kwa Justa. Marathoni nzima na zaidi! Nimeshaiona siku hiyo. Anachota uji kwa wachimbaji, anainua macho, mimi natokea kwenye vumbi na jiwe mkononi. Anaacha upawa.

Naondoka kesho alfajiri. Au keshokutwa, maana hapa chini leo nimegonga mwamba, na nimekaa kidogo nipumzike.